Je, Wajua? Kila Mgeni na Kilichomleta

Dereva wa lori la Kigali akifika njiapanda ya Nyakanazi, mahali pazuri kwake ni penye maegesho yenye mlinzi na maji ya kuoga. Mwanafunzi wa chuo anatafuta mandhari ya kupigia picha na mtandao wa kuirusha. Bibi wa Nyamigogo, Biharamulo, ukimlipia nauli aende popote atakapo, atachagua kwa wajukuu. Wote watatu wanajua wanachokitaka, na hakuna aliyekosea. Safu ya leo inazunguka Biharamulo, Ngara na majirani zao, ikivuka mpaka pale inapobidi, kuona kwa nini pahali pamoja panampendeza huyu na kumchosha yule.

MTALII NI NANI?

1. Je, wajua kwamba mtalii si lazima avae kofia pana na kuning'iniza kamera shingoni? Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, mgeni ni yeyote anayetoka nje ya mazingira yake ya kila siku kwa muda usiofika mwaka, bila kwenda kuajiriwa huko. Akilala walau usiku mmoja, ni mtalii. Kwa kipimo hicho, mwana wa Nyamigogo anayefanya kazi Dodoma na kuja Krismasi kumwona mama yake ni mtalii. Mjomba aliyekuja kwenye kikao cha mahari ni mtalii. Hata mchuuzi wa maharage aliyelala gesti Biharamulo mjini yumo, maana biashara ni miongoni mwa sababu zinazohesabiwa.

2. Je, wajua kwamba mwaka 2024 Tanzania ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya milioni 2.1, rekodi mpya wakati ule, lakini watalii wa ndani waliwazidi kwa kuwa zaidi ya milioni 3.2? Mzungu wa Serengeti ndiye anayetokea kwenye mabango. Mwalimu aliyepeleka darasa la saba hifadhini kwa basi la kukodi haonekani bangoni, ila kwenye hesabu yumo, yeye na watoto wake wote.

3. Je, wajua kwamba Burundi imekuwa miongoni mwa nchi zinazoileta Tanzania wageni wengi kabisa, ikitajwa safu moja na Kenya na Marekani? Kabanga, wilayani Ngara, ni mojawapo ya milango yao. Mmarekani anavutwa na simba. Mrundi aliyevuka Kobero na kuingia Kabanga huenda anafuata soko, hospitali, harusi au shangazi. Mwenye gesti hawabagui: kitanda ni kitanda.

4. Je, wajua kwamba mtumishi wa umma nchini hulipiwa na mwajiri nauli ya likizo kila baada ya miaka miwili, na nauli hiyo huhesabiwa hadi kwao? Mwalimu wa Mtwara mwenye asili ya Ngara hupewa nauli ya kuikata nchi nzima, yeye na familia yake. Hapo serikali yenyewe imeshamchagulia kivutio: nyumbani.

5. Je, wajua kwamba likizo yenye malipo ni jambo changa? Ufaransa iliwapa wafanyakazi wote wiki mbili za likizo ya kulipwa mwaka 1936, na kiangazi kile familia nyingi za viwandani ziliiona bahari kwa mara ya kwanza. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 kwa mwaka. Mkulima wa muhogo hana sheria inayompa siku hata moja, ndiyo maana safari zake huangukia baada ya mavuno.

6. Je, wajua kwamba mtafiti wa Marekani, Stanley Plog, alianza kuwachunguza wasafiri kwa sababu mashirika ya ndege yalitaka kujua kwa nini watu wenye fedha hawapandi ndege? Mwaka 1974 alieleza kwamba wasafiri wamepangana kama ngazi. Chini kabisa wapo wanaotaka chakula wanachokijua, lugha wanayoielewa na hoteli waliyolala mwaka jana. Juu kabisa wapo wanaotaka mahali ambapo jirani yao hajafika. Wengi wako katikati. Mtu wa juu ukimpa hoteli ya ghorofa kumi amechukia; wa chini ukimpa hema kwenye hifadhi ya Burigi hatalala.

MAPOROMOKO YALE YALE, MACHO TOFAUTI

7. Je, wajua kwamba mabishano ya chanzo cha Nile yanakutana wilayani Ngara? Mwaka 1898 Mjerumani Richard Kandt aliufuata mto Rukarara hadi chimbuko lake kwenye msitu wa Nyungwe, Rwanda. Mwaka 1938 Mjerumani mwingine, Burkhart Waldecker, alisimamisha piramidi dogo Rutovu, Burundi, akisema chanzo ni pale. Maji ya Rwanda huja kwa mto Nyabarongo, ya Burundi kwa mto Ruvubu, na mito hiyo huungana kidogo tu juu ya maporomoko ya Rusumo kuwa mto Kagera. Jinja, Uganda, inauza chanzo cha Nile kwa maelfu ya wageni. Rusumo, ambako wadai wawili wanapeana mikono kila siku, wengi hupita madirisha ya basi yakiwa yamefungwa.

8. Je, wajua kwamba mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alivuka mto Kagera hapo Rusumo na kuingia Rwanda? Baadaye alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, wakati wa Vita vya Maji Maji. Meli iliyopewa jina lake ililetwa vipande vipande ndani ya masanduku hadi Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na Waingereza, na tangu 1927 inaitwa MV Liemba. Mzungu husafiri maelfu ya kilomita kuigusa kwa sababu ya historia hiyo. Mama wa Kirando, mwambao wa Ziwa Tanganyika, aliipanda kwa sababu ilibeba dagaa na mananasi yake kwa nauli anayoimudu.

9. Je, wajua kwamba Rusumo pana mtambo wa umeme wa megawati 80, unaogawanywa sawasawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi? Mhandisi akisimama pale anaona mtambo. Dereva anaona kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa mwaka 2016 pamoja na daraja jipya lililojengwa kwa msaada wa Japani: badala ya kukaguliwa pande mbili, anakaguliwa mara moja. Kwake foleni fupi ndiyo mandhari nzuri kuliko zote.

10. Je, wajua kwamba mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara ndani ya saa 24? Kambi ya Benaco ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Wako watu wanaorudi Rusumo kwa sababu hiyo: aliyevuka akiwa mtoto, mfanyakazi wa misaada aliyezeeka, mwandishi wa habari. Safari ya kumbukumbu haina uhusiano na starehe, lakini nayo ni safari. Rwanda imeipa heshima yake: maeneo manne ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, yaani Nyamata, Murambi, Gisozi na Bisesero, yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2023. Wanaokwenda huko huenda kimya, na hawaulizi bwawa la kuogelea liko wapi.

HIFADHI ILIYO MLANGONI

11. Je, wajua kwamba Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato imegusa wilaya tano: Biharamulo, Ngara, Karagwe, Muleba na Chato? Ilizinduliwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 4,707, karibu theluthi ya Serengeti. Mwaka huohuo zilizaliwa pia Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, hivyo Kagera, uliokuwa mkoa wa kupitia tu, ukajikuta na hifadhi za taifa tatu kwa mpigo.

12. Je, wajua kwamba ng'ambo ya mto Kagera kuna hifadhi ndogo mara nne kuliko Burigi-Chato, lakini jina lake linajulikana zaidi? Ni Akagera, iliyoanzishwa mwaka 1934. Mwaka 1997 ilikatwa zaidi ya nusu ili waliorejea Rwanda wapate ardhi. Simba walikuwa wakilishwa sumu na wafugaji waliochoka kupoteza ng'ombe, wakaisha kabisa. Mwaka 2015 waliletwa simba saba kutoka Afrika Kusini, na 2017 wakafuata faru weusi. Sehemu kubwa ya wanaoingia humo ni Wanyarwanda wenyewe, ambao mbuga ya simba kwao ni safari ya mwisho wa juma kutoka Kigali. Ukaribu na jiji umefanya kazi ambayo ukubwa peke yake usingeiweza.

13. Je, wajua kwamba sokwe wa kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria, ni kizazi cha wageni? Kati ya 1966 na 1969, mwanasayansi wa Kijerumani Bernhard Grzimek alileta sokwe 17 waliokuwa wamefungiwa Ulaya, kwenye mabustani ya wanyama na kwingineko, akawaachia huru kisiwani. Walijifunza upya kutafuta matunda na kujenga viota mitini. Tembo na twiga wa Rubondo nao walipelekwa. Nzohe, swala wa majimaji, ni mwenyeji wa asili, ila mgeni wa mara ya kwanza humpita bila kumtazama akikimbilia sokwe. Mtazama ndege hajali wote hao: amefuata tai wa majini.

14. Je, wajua kwamba langoni mwa hifadhi zetu za taifa raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, sehemu ndogo sana ya dola anazolipa mgeni wa nje? Bado Watanzania wengi hawajaingia. Kiingilio si tatizo kubwa. Tatizo ni gari. Humo ndani hakuna daladala wala bodaboda, na kukodi gari la kuingia porini kunameza fedha kuliko tiketi za familia nzima. Ndiyo maana makundi ya kanisa, shule na vikoba, yanayochangia basi moja, huziona hifadhi kabla ya wenye mishahara mizuri zaidi yao.

15. Je, wajua kwamba kwa miaka mingi mabasi na malori yaliyopita kwenye mapori ya Biharamulo na Kimisi yalisafiri kwa msafara, yakisindikizwa na polisi wenye silaha kwa hofu ya majambazi? Usalama ndicho kivutio kisichopigwa picha. Ukiwepo, hakuna anayeutaja. Ukikosekana, hata maporomoko saba hayatamleta mtu. Na wasafiri hawaupimi sawa. Kijana wa kiume anauliza kama njia inapitika. Mwanamke anayesafiri peke yake anauliza basi litafika saa ngapi, kituo kina taa, na mlango wa gesti una komeo.

KUTAZAMA NA KUTULIA

16. Je, wajua kwa nini mtu akifika kilele cha kilima cha Ngara husimama hata kama hajachoka? Mwaka 1975 Mwingereza Jay Appleton alitoa nadharia kwamba binadamu hupenda mahali anapoweza kuona mbali huku yeye mwenyewe akiwa amejikinga, hulka iliyobaki tangu enzi za kuwinda na kuwindwa. Kiti cha kona kwenye mgahawa, kibaraza kinachotazama bonde, dirisha la ghorofani: vyote vinauzika kwa sababu hiyohiyo. Vilima vya Bugufi, wilayani Ngara, vyenye migomba mgongoni na bonde la Ruvubu mbele, vinatimiza masharti yote mawili.

17. Je, wajua kwamba theluthi moja ya watu duniani hawawezi kuuona ule ukanda mweupe wa nyota unaokata anga usiku? Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa taa za miji zimeuficha kwa asilimia 60 ya watu wa Ulaya na karibu asilimia 80 ya watu wa Amerika Kaskazini. Zipo nchi ambako wageni hulipa fedha nyingi kulala mahali penye giza. Nyamigogo, usiku usio na mwezi, giza lipo na nyota zimejaa. Mwenyeji asiye na umeme anausubiri kwa hamu, na ana haki. Mgeni wa Chicago angeomba taa zizimwe walau saa moja.

18. Je, wajua kwamba mti dirishani unaweza kupunguza dawa? Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha matokeo ya wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Waliolazwa vyumba vinavyotazama miti waliruhusiwa mapema na waliomba dawa kali za maumivu mara chache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Tangu hapo wenye hoteli wamekuwa na hoja nzuri ya kuuza ghali chumba cha upande wa bustani.

IMANI NA AFYA

19. Je, wajua kwamba biashara ya safari za pamoja ilianzia kwenye kampeni ya kupinga pombe? Tarehe 5 Julai 1841 Thomas Cook, mhubiri wa Kibaptisti, alikodi treni kuwapeleka watu wapatao 500 kutoka Leicester hadi Loughborough, Uingereza, kwa shilingi moja kila mmoja, kuhudhuria mkutano wa kuacha ulevi. Watu walifurahia treni, pengine kuliko hotuba, naye akaona fursa. Leo safari nyingi za mtindo huo, yaani kifurushi cha nauli, chakula na malazi, humalizikia baa.

20. Je, wajua kwamba mahali panapowavuta watu wengi wa pande hizi kuvuka mpaka hapana ufukwe wala mnyama? Kibeho, kusini mwa Rwanda, wasichana wa shule walisema walitokewa na Bikira Maria kuanzia mwaka 1981, na Kanisa Katoliki likathibitisha mwaka 2001. Namugongo, Uganda, hujaa kila tarehe 3 Juni kwa ajili ya Mashahidi wa Uganda, na wapo mahujaji wanaofika kwa miguu, wengine kutoka Tanzania. Mtalii wa kawaida huudhika njia ikiwa ndefu na mbaya. Kwa hujaji, ugumu wa njia ni sehemu ya sadaka; ukimpelekea helikopta umemharibia safari.

21. Je, wajua kwamba mwaka 2011 kijiji cha Samunge, Loliondo, kilipokea umati uliotoka ndani na nje ya nchi, bila hoteli, bila tangazo na bila barabara ya lami? Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mitishamba kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, watu wakilala ndani ya magari na barabarani, wagonjwa wengine wakifia njiani. Wataalamu wa masoko wanaweza kuandika vitabu. Kilichowapeleka watu ni tumaini na neno la mdomo.

22. Je, wajua kwamba chemchemi za maji moto za Mtagata, wilayani Kyerwa, zilikuwa na wageni kabla ya neno utalii kufika Kagera? Henry Morton Stanley alipopita Karagwe mwaka 1876, enzi za Omukama Rumanyika, aliwakuta watu wanaoga humo kutafuta nafuu ya maradhi. Kwa mgeni mmoja ni tiba, kwa mwingine ni picha, kwa mtoto wa kijijini ni bafu la bure lisilohitaji kuni.

TUMBO NALO LINACHAGUA

23. Je, wajua kwamba Bukoba ina kivutio kinachoshuka kutoka angani? Msimu mkubwa wa senene huangukia Novemba na Desemba. Wavunaji huwasha taa kali usiku na kusimamisha mabati. Senene hufuata mwanga, hugonga bati, huteleza hadi kwenye pipa. Mhaya wa Dar es Salaam anaweza kupanga likizo kwa kuufuata msimu huo, na asiyeweza kuja hutumiwa mfuko kwa basi. Mgeni kutoka mbali hula mmoja mbele ya kamera ili awaonyeshe watu wa kwao. Wote wamekula senene, ila mmoja alikuwa anarudi nyumbani na mwingine alikuwa anatoka.

24. Je, wajua kwamba Kagera kahawa ilitafunwa karne nyingi kabla ya kunywewa? Buni huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, hukaushwa, kisha mgeni hukaribishwa atafune. Zamani, wawili waliotaka kuwa ndugu wa damu walitumia punje mbili za tunda moja la kahawa. Mpenzi wa kahawa wa Ulaya aliyezoea kikombe chenye povu atashangaa, na mshangao huo ndio aliousafiria.

KUTA, MAKABURI NA MAJINA

25. Je, wajua kwamba Katuruka, jirani na Bukoba, pana mabaki ya uyeyushaji wa chuma wa takriban miaka 2,000 iliyopita? Kuanzia mwaka 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt wa Marekani alichimba pale akiongozwa na masimulizi ya wazee kuhusu Mfalme Rugomora Mahe na mti mtakatifu wa Kaiija. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery waliandika kwenye jarida la Science kuhusu ufundi wa tanuri za wahunzi wa Kihaya, ambamo hewa ilipashwa moto kabla haijafika kwenye mkaa. Kwa asiyejua habari hii, Katuruka ni shamba la migomba. Msimulizi mzuri akiwepo, shamba lilelile linakuwa makumbusho.

26. Je, wajua kwamba Biharamulo mjini bado lipo boma la Wajerumani, lenye kuta nene kama ngome? Mpenda historia atalizunguka nusu siku. Mtoto wake ataomba soda baada ya dakika kumi. Jirani yake Chato, iliyokuwa sehemu ya Biharamulo kabla ya kuwa wilaya, wageni huenda kuliona kaburi la Rais John Magufuli, aliyezikwa huko tarehe 26 Machi 2021. Zanzibar hali ni hiyohiyo: kuna wanaokwenda Mji Mkongwe kwa ajili ya milango ya nakshi, na kuna wanaokwenda kwa sababu tu mwanamuziki Freddie Mercury alizaliwa huko mwaka 1946.

MGENI AKISHAFIKA

27. Je, wajua kwamba mahali pa mapumziko huzaliwa, hukua na huweza kuzeeka? Mwaka 1980 Richard Butler alizieleza hatua zake. Kwanza wanakuja wachache wasiohitaji chochote, wenyeji wanafungua migahawa, wawekezaji wanafuata, umati unajaa, kisha wale wa mwanzo wanahama wakilalamika kwamba pameharibika. Mwishoni mahali hufufuliwa upya au hufifia. Nungwi, Unguja, kijiji cha wavuvi na mafundi wa majahazi kilichogeuka safu ya hoteli, kinazijua hatua nyingi kati ya hizo. Burigi-Chato iko kwenye ya kwanza, na huko ndiko kunakopendwa na wale wa ngazi ya juu ya Plog.

28. Je, wajua kwamba desturi ya kumsindikiza mgeni ina sayansi nyuma yake? Mwaka 1993 Daniel Kahneman na wenzake waliwaomba watu watie mkono kwenye maji baridi sana kwa sekunde 60. Zamu nyingine ilikuwa sekunde 60 zilezile na 30 za ziada, maji yakipashwa kidogo. Walipoulizwa warudie zamu ipi, wengi walichagua ile ndefu, kwa sababu iliisha vizuri. Kumbukumbu hushika kilele na mwisho. Mwenye gesti aliyemkaribisha mteja kwa tabasamu na kumuaga kwa ugomvi wa bili amepoteza kazi yote. Mama anayemsindikiza mgeni hadi kituoni na mkungu wa ndizi amemaliza kazi bila kusoma utafiti.

29. Je, wajua sehemu tamu kuliko zote ya safari ni ipi? Watafiti wakiongozwa na Jeroen Nawijn waliwafuatilia Waholanzi 1,530 na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Waliokuwa na safari walikuwa na furaha kuliko wasiosafiri, lakini kabla ya kuondoka. Wakisharudi, tofauti ilikuwa imeyeyuka, isipokuwa kwa wachache waliopumzika kwelikweli. Basi kama umepanga kuwapeleka watoto Rusumo mwezi Desemba, watangazie tangu Agosti. Nauli itabaki ileile, na miezi minne ya kuhesabu siku haina kiingilio.